Mtu wa Shaba wa Hamburg na Barua ya Luagala

Mwishoni mwa Oktoba 1968, usiku, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hamburg walimfunga kamba bwana mmoja wa shaba aliyesimama mbele ya jengo kuu la chuo chao, wakavuta kwa pamoja mpaka akaja chini. Hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Mwaka mmoja kabla walikwisha kumwangusha, akarudishwa juu ya jiwe lake. Safari hii aliachwa alale. Wakubwa walimchukua wakamweka ghalani, na tangu hapo hajasimama tena mlangoni mwa chuo.

Bwana huyo ni Hermann von Wissmann. Chuo chenyewe kilitimiza miaka 100 mwaka 2019, na historia yake imeandikwa sana kwa Kijerumani. Mimi naitaka isimuliwe kutoka upande huu wetu. Ukisimama Newala, pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, macho yanateremka mpaka bonde la Ruvuma na kuvuka hadi Msumbiji. Hamburg haionekani kutoka hapo hata kwa njozi. Lakini mtu wa shaba wa Hamburg na watu wa uwanda huu walijuana mapema sana, miaka 32 kabla hajawekwa mbele ya chuo, tena kwa maandishi. Yeye aliagiza, akajibiwa. Na jibu lilikuwa la Kiswahili.

Turudi mwaka 1890. Wissmann alikuwa Kamishna wa Dola ya Ujerumani, mtu aliyekwisha kuvuka Afrika toka magharibi hadi mashariki miaka ya 1880 hadi 1882, jambo lililompa jina kubwa kwao. Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilimpa mark milioni 2 kuzima vita vya pwani, vile vya Abushiri bin Salim. Akaajiri Wasudani kutoka Misri na vijana wa Kishangani kutoka kusini mwa Msumbiji, akawapa bunduki na maofisa wa Kijerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kaskazini ikishika adabu, kwa hesabu yao, meli zikageuka kusini. Mei 1890 Kilwa, Lindi na Mikindani zikawa mikononi mwao.

Nyuma ya Lindi kuna uwanda wa Makonde, na juu ya uwanda, Luagala, alikaa Machemba. Leo Luagala ni kata ya wilaya ya Tandahimba, ambayo nayo ilizaliwa kutoka Newala. Machemba alikuwa Myao, mtawala aliyejijengea nguvu katikati ya Wamakonde kwa biashara: pembe za ndovu, mpira wa porini, na watu. Wissmann alimtaka ateremke ajisalimishe kama wengine walivyoteremka.

Barua aliyojibu Machemba imekuwa maarufu duniani kuliko yeye mwenyewe. Alisema ameyasikia maneno ya Wissmann, ila haoni sababu ya kumtii, na kwamba angependa kufa kwanza. Haangukii miguu ya mtu, kwa kuwa yule ni kiumbe wa Mungu naye ni kiumbe wa Mungu. Yeye sultani katika nchi yake. Wissmann sultani katika nchi yake. Kisha likaja neno ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote: kwamba yeye, Machemba, hamwamuru Wissmann amtii, maana anajua kuwa Wissmann ni mtu huru. Kama ni urafiki, leo na siku zote yuko tayari, utumwa, hapana. Haji. Mwenye nguvu za kumfuata na amfuate.

Nani alishika kalamu? Watawala wa Kiyao wa enzi ile walikuwa na makarani na walimu waliotoka pwani, au waliosoma kwa watu wa pwani, na barua za namna hiyo ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Misafara iliyoshuka Lindi na Kilwa na pembe ilirudi na nguo, baruti, chumvi, na lugha. Kwa hiyo hata kabla bendera ya Mjerumani haijapandishwa Lindi, juu ya uwanda palikuwa tayari na lugha ya kumjibia.

Wala Machemba tusimvike kanzu nyeupe asiyoivaa. Neno alilolikataa kwa Wissmann, utumwa, alilifahamu vizuri. Wapo waliopita mikononi mwa wafanyabiashara kama yeye wasiopata nafasi ya kuandika barua. Masasi ilikuwa na watu walioijua habari hiyo kwa miili yao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Unguja aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa, waliokuwa wakikaa Mbweni, akawapandisha kupitia Lindi. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali yanayoonekana mbali kabla ya mji wenyewe, wakapiga kambi na hawakuendelea. Ndivyo misheni ya Masasi ilivyoanza, na Kiswahili kilikuwa lugha ya sala yao na ya darasa lao. Steere ndiye aliyetoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870.

Ukichukua mwaka huo mmoja wa 1890 ukautandaza kama mkeka, unashangaa vitu vilivyokaa juu yake. Januari, Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, aliyesoma Kiungani na baadaye Canterbury, anapewa upadri Unguja, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kituo chake ni Chitangali, kati ya Masasi na Newala. Aprili, kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie inaundwa Hamburg. Mei, Wissmann yuko Lindi. Julai, Waingereza na Wajerumani wanatia sahihi mkataba wa kugawana, Unguja huku na kisiwa cha Heligoland kule. Na Luagala mtu anaamuru karani wake achovye kalamu.

Wissmann hakumpata. Vikosi vilivyopelekwa juu ya uwanda mwaka huo vilikuta kile ambacho mkulima wa Newala anakijua mpaka leo: kichaka. Msitu mfupi, mzito, uliosokotana, usiopitisha mzinga wala macho, na maji hakuna, kwa kuwa uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Wanawake waliteremka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Jeshi lenye kiu ndani ya kichaka ni jeshi nusu. Mwaka 1891 yakafanyika mapatano. Machemba aliendelea kukaa Luagala miaka minane zaidi. Kilichomtoa ni kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897, naye hakuwa mtu wa kukaa foleni ya kulipa. Mwaka 1899 Wajerumani walipanda kwa nguvu, Luagala ikatwaliwa, naye akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji.

Sasa Hamburg. Mji huu haukuanza kuijua Afrika Mashariki kwa bunduki, uliijua kwa mizani. Kampuni za O'Swald na Hansing zilikuwa Unguja tangu katikati ya karne ya 19, zikinunua pembe, kauri na karafuu, na kuuza nguo. Meno ya ndovu yaliyobebwa na wapagazi kutoka nchi za Ruvuma yaliweza kumalizikia kwenye funguo za piano za Ulaya. Ukipenda, unaweza kusema Hamburg na Luagala zilikuwa ncha mbili za uzi mmoja, na katikati ya uzi kulikuwa na bega la mpagazi.

Mji wa wafanyabiashara haukuwa na chuo kikuu. Matajiri wake wengi hawakukitaka. Waliona vijana watapotea vitabuni badala ya kwenda gatini. Kilichofungua mlango ni makoloni. Mwaka 1908 ilianzishwa Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, kazi yake kuwaandaa maofisa na wafanyabiashara wa kwenda Afrika na visiwa vya Pasifiki. Mwaka uliofuata Carl Meinhof akaja kuongoza seminari ya lugha za makoloni, nacho kikawa kiti cha kwanza cha lugha za Kiafrika katika Ujerumani. Mwaka 1911 mfanyabiashara Edmund Siemers, tajiri wa mafuta ya taa na shura, aliutunuku mji jengo kubwa la mihadhara lenye kuba. Juu ya mlango liliandikwa kwamba ni la utafiti, la ufundishaji na la elimu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha na makoloni yakapotea, taasisi ile na jengo lile viliingia katika chuo kikuu kipya kilichofunguliwa Mei 1919.

Kiswahili, kwa hiyo, kiko Hamburg kuanzia siku za mwanzo kabisa za chuo; ni mmoja wa wazazi wake, hata kama katika picha za ukoo huwekwa pembeni. Na hakikufika peke yake. Kilifika na watu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, yule ambaye Carl Velten alitoa kwa msaada wake kitabu cha desturi za Waswahili mwaka 1903, alianza kufanya kazi na Meinhof mwaka 1909. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha Berlin, akaondoka baada ya mgogoro na wanafunzi waliomnyima heshima ya ualimu. Alitaka kurudi kwao na mkewe Mjerumani, na mwaka 1905 serikali ya koloni ikamkatalia kutua. Mtu mwenye kwao akarudishwa Ulaya kwa meli.

Hapa ndipo hadithi inapochekesha kwa uchungu. Mwaka huohuo wa 1909 alioanza kazi Hamburg Mtoro, mwalimu wa Kiswahili aliyezuiwa kushuka bandarini kwao, Wissmann wa shaba alisimamishwa Dar es Salaam. Sanamu ilipewa kibali cha kutua.

Wissmann mwenyewe alikuwa amekufa Juni 1905, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda huko Austria. Mwezi uliofuata, Matumbi iliwaka, na Majimaji ikaenea kusini yote. Mwaka huo misheni ya Masasi ilichomwa moto na wamisheni wakakimbilia pwani. Wakati wazee wetu wanazika watu wa vita na wa njaa iliyofuata, kule Ujerumani michango ilikuwa ikikusanywa ili kumkumbuka mtu aliyeituliza nchi. Mwaka 1906, majivu hayajapoa, profesa Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na Newala akikusanya vinyago, ngoma na vyombo vya nyumbani, akipiga picha, akirekodi nyimbo kwa mashine ya nta na hata kupiga filamu. Vitu vyetu vilipanda meli kwenda juu, na shaba ikaja chini.

Mchongaji alikuwa Adolf Kürle. Sanamu ilizinduliwa Aprili 3, 1909. Wissmann amesimama juu ya jiwe refu, nguo za kijeshi, mkono kwenye upanga, anatazama mbali kama mtu anayehesabu mali isiyo yake. Chini yake amesimama askari Mwafrika, kichwa kimeinuliwa kumtazama bwana, na bendera ya Ujerumani anaiteremsha juu ya simba aliyekufa. Jiwe lilikuwa na maandishi, na miongoni mwake yalikuwamo ya Kiswahili, yaliyomsifu bwana wa zamani kuwa aliituliza pwani na kuwaongoza watu njia iliyonyooka. Nimeyatafakari sana maneno hayo. Lugha ni ileile aliyojibiwa Wissmann akiwa hai. Ila alipokuwa hai, Kiswahili kilichomfikia kutoka Luagala kilitoka kwa mtu aliyekuwa na uhuru wa kusema hapana. Kiswahili cha kwenye jiwe hakikuulizwa.

Na yule askari wa chini hana jina. Mara nyingi watu huona sanamu moja pale, kumbe ni mbili, na simba wa tatu. Laiti mchongaji angemshusha Wissmann na kumwacha askari peke yake, tungekuwa na kitu cha kujadiliana: mtu gani huyu, katoka wapi, kijijini kwao walimwita nani, aliporudi likizo na magwanda yake walimkimbia au walimlaki? Historia ya askari wa Mjerumani ni ngumu, haikubali laana rahisi wala sifa rahisi. Lakini shingo iliyopindwa juu namna ile si ya mtu, ni ya fikira ya aliyelipia sanamu.

Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916 walimng'oa Wissmann wakampakia kwenda London kama nyara. Kusini mambo hayakuwa ya sanamu. Oktoba mwaka huo Wareno walivuka Ruvuma wakalikalia boma la Newala. Novemba Wajerumani wakawafukuza. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na siku chache baadaye Kapteni Tafel, aliyeshindwa kumfikia, alijisalimisha na kikosi chake karibu na Newala. Kati ya tarehe hizo walipita maelfu ya wapagazi wasio na idadi kamili, na mihogo iliyong'olewa mashambani usiku. Waingereza nao waliweka shaba yao Dar es Salaam mwaka 1927, askari aliyeinamisha bunduki mbele, kazi ya James Alexander Stevenson. Huyo bado yupo, daladala zinamzunguka, na watu wanapatana kukutana hapo bila kufikiria vita vya nani. Angalau hamtazami mtu juu.

Mwaka 1921 Uingereza iliwarudishia Wajerumani sanamu yao. Swali likawa pa kuiweka. Dar es Salaam haikuwa yao tena, na mtu wa shaba asiye na koloni ni kama nahodha asiye na bahari. Wakampeleka Hamburg, na mwaka 1922 akasimama mbele ya lile jengo la Siemers, chuo kikiwa na miaka mitatu. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyepita: tutarudi. Chuo kilikuwa kimepoteza makoloni ya kupelekea wanafunzi wake, kikabaki na sanamu ya kuwakumbusha. Mwaka 1935, chini ya Wanazi, aliongezewa mwenzake, Hans Dominik, ofisa wa vita vya Kamerun. Meinhof mwenyewe, bingwa wa lugha zetu, alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933. Kitabu chake cha mwaka 1912 kilikuwa kimezipanga lugha za Afrika kwa daraja, kana kwamba ngeli za nomino ni vyeo vya jeshi. Tunaweza kuutumia uchunguzi wake wa sauti za Kibantu, ambao ulikuwa wa kazi nzuri, bila kumsahau mtu huyo wa pili aliyekaa ndani yake. Mimi sioni ugumu katika kusema mambo yote mawili.

Bomu lilimwangusha Wissmann mwaka 1945. Mji mzima ulikuwa vifusi. Mwaka 1949, watu wakiwa bado wanagombania makaa ya mawe na viazi, alisimamishwa tena. Katika habari zote za sanamu hii, hili ndilo linalonishinda. Mara ya kwanza unaweza kusema hawakujua. Mara ya pili walichukua vyombo, wakachanganya saruji.

Vijana wa mwaka 1967 hawakuwa na ugomvi na Wissmann peke yake. Novemba mwaka huo, ndani ya ukumbi mkuu wa chuo hichohicho, wanafunzi wawili waliwatangulia maprofesa waliovaa majoho wakiwa na kitambaa kilichosema kuwa chini ya majoho yale kuna uvundo wa miaka elfu; na kila Mjerumani aliyefika umri wa kukumbuka Wanazi alielewa miaka elfu gani. Sanamu ya mbele ya mlango ilikuwa uvundo wa shaba. Wakaanza Agosti, wakaweza Septemba, ikarudishwa. Mwaka uliofuata wakaimaliza, na Dominik akaanguka naye.

Wakati huo uwanda wetu ulikuwa mpakani mwa vita. FRELIMO ilianza kupigana mwaka 1964, na ng'ambo ya Ruvuma Wamakonde wa Msumbiji walikuwa wakikimbia mabomu ya Wareno na kuvuka kuja kwetu. Wachongaji walikuja nao, na mpingo wao. Kwa hiyo mwaka Hamburg inaangusha sanamu yake, huku kusini mwa Tanzania watu walikuwa wakichonga nyingine, za watu waliopandana mabegani, mmoja juu ya mwingine, mpaka kilele, ambazo baadaye tulizizoea kwa jina la ujamaa. Aliye juu kabisa katika kinyago kile amebebwa. Hajasimama juu ya jiwe. Ni tofauti ambayo mtoto anaiona kwa mara moja.

Sisemi kila shaba ya mgeni ni ya kuvutwa kamba. Askofu Trevor Huddleston, aliyeiongoza dayosisi ya Masasi kuanzia 1960 mpaka 1968, ana sanamu ya shaba ya kichwa na mabega mjini Bedford alikozaliwa, kazi ya Ian Walters, na aliyeizindua mwaka 2000 ni Nelson Mandela. Aliondoka Masasi mwaka uleule wa kamba za Hamburg, akimwachia kiti Hilary Chisonga. Sijasikia mtu wa Masasi anayetaka ile ya Bedford iangushwe.

Wissmann aliwekwa chini ya kituo cha chuo cha kuchunguzia nyota huko Bergedorf, kwenye ghala. Wataalamu juu wanatazama sayari, yeye chini anatazama ukuta. Alitolewa mara chache. Mwaka 2004 msanii HM Jokinen alimsimamisha bandarini Hamburg kwa zaidi ya mwaka mmoja, akawaita watu waseme wanamtaka afanywe nini. Mwaka 2016 alionyeshwa Berlin katika maonyesho makubwa ya ukoloni wa Kijerumani, safari hiyo akiwa amelazwa, rangi za waandamanaji zingali mwilini. Mimi nakubaliana na waliomlaza. Ukimyeyusha unampa nafasi ya kusahauliwa. Ukimsimamisha unamrudishia kazi. Alale watu wamtazame kwa juu, nao wajaribu ile shingo.

Chuo chenyewe kimefanya zaidi ya kuficha. Mwaka 2014 kilianzisha kituo cha utafiti cha urithi wa kikoloni wa Hamburg, chini ya mwanahistoria Jürgen Zimmerer. Mwaka 2010 mji wa Hamburg na Dar es Salaam zilitiliana sahihi kuwa miji dada. Na Kiswahili kinaendelea kufundishwa huko. Kijana wa Kijerumani anaingia, anahangaika na ngeli ya KI-VI, anakosea upatanisho kama tulivyokosea sisi Kiingereza, na siku moja anaweza kusoma. Hilo halikuwa kusudi la waliokianzisha mwaka 1908. Wao walitaka maofisa wa kutoa amri. Lugha ilipita mlango huohuo, ikatoka na kazi nyingine.

Lakini asome nini? Hapa nina manung'uniko. Barua ya Machemba tunaijua kwa Kiingereza. Basil Davidson aliiweka katika mkusanyiko wake wa maandishi ya kale ya Afrika; Adu Boahen wa Ghana aliinukuu katika juzuu la saba la Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, mwaka 1985, na ikapendwa toka Accra mpaka Atlanta. Sisi wenye lugha yake tunaisoma kwa tafsiri, kisha tunaitafsiri tena kuirudisha Kiswahili, kila mwalimu kwa namna yake. Hata mimi hapo juu nimefanya hivyo. Mtu aliyejibu dola kwa Kiswahili anatufikia akiwa amevaa suti ya London.

Ombi langu, basi, ni kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili wa Hamburg, na kwa wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ninyi mna lugha zote mbili, mna funguo za hifadhi za nyaraka, na wengine wenu mmesoma herufi za Kiarabu. Tuleteeni maneno yenyewe aliyoyaagiza Machemba, neno kwa neno, na makosa ya karani yakiwemo. Yaandikwe wazi, yapelekwe Luagala, yabandikwe mahali ambapo mtoto atayasoma akitoka shule au akitoka kuokota korosho. Kibao cha mbao kinatosha.